Wivu wa Shangazi Lamria, Mpishi wa Wazazi

Tarehe 31 Mei, Shangazi Lamria Sitohang atavua aproni yake baada ya kuwapikia wazazi wa hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Watoto waliozaliwa hapa mwaka ule alioanza kazi sasa wana watoto wao, na katika mji huu wa kando ya ziwa ni wachache ambao maziwa yao ya kwanza hayakutokana na sufuria yake.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, muuguzi wa wodi ya wazazi, kazi ya kuandika wasifu wake. Nilipokwenda kumhoji nilimkuta anachambua majani ya torbangun ya supu ya mchana, na hakuinua uso.

"Hotma, uandike na wivu wangu," aliniambia. "Ukinipamba kama malaika, siji kwenye sherehe. Mtakula hiyo keki yenu wenyewe."

Basi yanayofuata yameandikwa kwa ruhusa yake, na mengine kwa amri yake.

Lamria aliolewa akiwa na miaka ishirini na Parlin, mnunuzi wa kahawa. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Mama yake Parlin hakuwa mtu wa kusubiri. Aliita wazee, akazungumza sana, na Lamria akarudishwa kwa kaka zake. Wake wa kaka walimpokea kwa maneno matamu, kisha wakamtandikia kitanda kwenye chumba cha magunia.

Kilichomuuma zaidi zilikuwa karamu. Kwetu nyama ya nguruwe hugawiwa kwa kufuata ukoo na heshima ya kila mmoja, na kila mtu anajua anakaa upande gani na kipande kipi ni chake. Lamria hakuwa na upande. Kwa akina Parlin hakuwa mke tena, na kwa akina Sitohang alikuwa binti aliyekwisha kutolewa. Akazoea kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kuosha vyombo, ili asiulizwe atakaa wapi.

Hospitali ilimwajiri kama mfagiaji. Haukupita muda mpishi wa wazazi akaugua mgongo, na Lamria, aliyekuwa na mkono mzuri, akahamishiwa jikoni. Aliyemhamisha hakujua anafanya nini. Tangu asubuhi hadi jioni Lamria alikamua nazi, akachemsha kuku, akatia majani ya torbangun ya kuteremsha maziwa, kisha akaibeba supu hiyo kwa wanawake ambao kila mmoja alikuwa na kitu alichokikosa yeye. Wenzake walikuwa wakiitwa Mama Fulani. Yeye aliitwa Lamria, na akichelewa, "wewe wa supu."

"Nilikuwa naweka bakuli na kugeuka haraka," aliniambia. "Sikutaka kuona mtoto. Wakisema supu tamu, nilikuwa nachukia. Wakisema mbaya, nachukia pia."

Walioanza naye kazi wanakumbuka mambo mengine pia. Wanakumbuka daktari mgeni kutoka kisiwa cha Java, mwembamba kama fimbo, aliyekuwa akinyemelea jikoni kuomba supu, mpaka Shangazi akamwambia mbele ya wauguzi wote, "Daktari, bakuli moja zaidi na itabidi tukutafutie mtoto wa kunyonyesha." Ulimi wake ulikuwa mkali tangu zamani, na wengi walidhani mwanamke mwenye mzaha kiasi kile hana machungu.

Katika mwaka wake wa nne, mke mpya wa Parlin aliletwa kujifungua. Jina lake Rugun. Alizaa kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na mama mkwe akakaa kando ya kitanda kama mlinzi wa benki. Lamria aliingia na sinia bila kujua ni nani aliyelala pale. Yule mama akamtambua kabla hajaweka bakuli.

"Rudisha hiyo," alisema, wodi nzima ikisikia. "Mkono wa tasa hautagusa chakula cha mjukuu wangu."

Lamria alirudisha sinia jikoni, akaimwaga supu, akaosha bakuli, akaliosha tena. Hapo ndipo alipomkuta Tiominar, mama mhubiri aliyekuwa akizunguka wodini kuwaombea wagonjwa. Mama Tiominar sasa ni marehemu, lakini Shangazi anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Mungu amempa yule kila kilichokuwa changu," Lamria alimwambia. "Nyumba, mume, mpaka yule mama mkwe. Na mtoto juu yake."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka amnyang'anye."

Mama Tiominar hakushtuka wala hakumhubiria. Alivuta kigoda akakaa. "Basi nenda ukamwambie hivyo hivyo."

"Mungu anaambiwa maneno kama hayo?"

"Unafikiri hayajui? Ulichobakiza ni kuyasema tu. Mimi nitakaa mlangoni, asiingie mtu."

Lamria akaenda kwenye kikanisa chetu kile kidogo kilicho nyuma ya maabara, akayasema yote. Alimtaja Rugun kwa jina, akalitaja na tumbo lake la uzazi, akamtaja Parlin, akasema maneno ambayo amenikataza kuyaandika. Alisema kwa sauti. Kisha akasubiri.

"Nilisubiri nifukuzwe, Hotma," aliniambia, na hapa aliacha kuchambua majani. "Kwa mume wangu, nilipofungua moyo, nilifukuzwa. Kwa kaka zangu nilijaribu mara moja, nikaambiwa nishukuru kupata kitanda. Pale nilikuwa nimesema kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusema, na sikufukuzwa. Nilikaa mpaka magoti yakafa ganzi. Nilijua kuna anayenisikiliza, na hana haraka ya kuniona nikitoka."

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Kwa kawaida Lamria alikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya mkate, maana mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumuuliza, kwa sauti ya upole inayochoma, kama mwanamke aliyeachwa anaona ni sawa kujitokeza mbele. Siku hiyo Mama Tiominar alikuja nyuma, akamshika mkono, akasimama naye kwenye mstari. Mzee yule alitazama, akatazama tena, na hakupata nafasi ya kusema. Mchungaji alifika kwa Lamria akampa mkate, akamwambia mwili huu umetolewa kwa ajili yako.

"Kipande kilikuwa sawasawa na cha mkurugenzi wa hospitali," Shangazi anasema. "Nilichungulia. Na hakuna aliyeniuliza niko upande gani."

Mtu angependa kuandika kwamba wivu uliishia hapo. Haukuishia. Kesho yake Rugun alikuja jikoni mwenyewe, akijishikilia ukutani, mkono mmoja tumboni. Maziwa yalikuwa hayajashuka, na mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka. Alikuwa mzuri hata katika hali ile, na Shangazi anasema hilo lilimuudhi kuliko mengine yote.

"Dada," Rugun alisema, "mama ameenda sokoni. Naomba supu."

Lamria alimtazama. Sufuria ilikuwa imejaa. Angeweza kusema imekwisha, na asingejua mtu.

"Unaniomba mimi?"

"Nakuomba wewe. Nimechoka kukuonea wivu, nina njaa."

"Wewe unionee mimi wivu? Wa nini?"

"Kila ninachopika, Parlin anaonja, anasema Lamria alikuwa anakipika hivi, Lamria alikuwa anatia kile. Hata wali, dada. Wali una namna ngapi?"

Shangazi anakiri kwamba alifurahi, na si furaha ya Kikristo. Alilazimika kugeukia jiko ili Rugun asione anavyotabasamu. Kisha akaketisha mgonjwa wake kwenye kigoda, akampakulia bakuli la kwanza, akamshikia na kijiko. Jioni ile mtoto alinyonya akalala. Lamria alikwenda kumwona, mtoto wa kwanza aliyemtazama usoni tangu aanze kazi ile. Alirudi jikoni analia, bado ana wivu, ila sasa alijua pa kuupeleka.

Rugun alizaa wengine wawili hapa kwetu, na kila mara alitoroka kuja jikoni. Mama mkwe hakuwahi kuomba radhi hadi alipofariki. Parlin hakuwahi kukanyaga jikoni. Lakini wanawake walioachwa, waliozaa bila mume, waliopoteza watoto wao wodini, wote wamepita kwenye kigoda kile, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa anyamaze au ashukuru. Aliwapakulia, akawasikiliza, na aliyetaka alimsindikiza mpaka kikanisani, akamkalia mlangoni.

Siku hizi sisi ndio tunaogombana. Wauguzi wanagombania kukaa karibu naye ibadani. Kaka zake wametuma ujumbe kwamba wao ndio watakaomvisha kitambaa cha heshima mabegani siku ya sherehe, kwaya ya wanawake imejibu kwamba walichelewa, na Rugun, ambaye sasa ni bibi mwenye mvi, amesema anakuja na cha kwake na hatamwomba mtu ruhusa. Shangazi amewaambia wote wamvishe, maana nyumbani kwake kuna baridi.

Jikoni atampokea Duma, kijana hodari tuliyemwajiri mwezi wa pili. Nilimuuliza Shangazi kama amemkabidhi sufuria kwa moyo mweupe.

"Hapana," alisema. "Atazidisha nazi, wazazi watamsifu, na mimi nitakuwa nyumbani nimenuna. Mniombee."

Tutakuombea, Shangazi. Kwa kila bakuli, kwa kila aliyekalia kigoda chako, hospitali hii inakushukuru. Nenda upumzike, ule vilivyopikwa na wengine, na maisha yako ya mbele yawe mema na marefu. Ukinuna, njoo. Duma ameagizwa akupakulie wa kwanza.