Roboti ya Mwalimu Barwaqo na Kamati ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao wa lori juu ya madebe mawili, nyuma ya soko la mbuzi hapa Garissa, na jiko la kahawa ni langu. Mwaka huo, mmoja kabla ya yale mafuriko makubwa, waliolikalia walikuwa watatu: Yahye Karani, aliyegonga mihuri ofisini mpaka akastaafu, Olow Dheere, yaani Mrefu, ambaye akikaa miguu haigusi chini, na Dagane Redio, ambaye hazimiki. Hao ndio kamati ya shule, Mungu atusaidie. Siku ya kamati huongea Kiswahili, ili ionekane ni kazi ya ofisi.

Shauri lilikuwa roboti. Wageni waliokuwa wakienda kambini Dadaab waliiacha shuleni: kigari cha duara kama sufuria iliyofunikwa, na trei yenye matundu. Unapachika vibao kwenye matundu, kila kibao kina amri yake kwa Kiingereza, na kigari kinazitii moja moja kuanzia kushoto. Watoto wetu waliozoea chuo cha Kurani wakawa wanapanga kuanzia kulia. Wakitaka kiende kisha kikate kona, kinakata kona kwanza, kinagonga ukuta.

Mwalimu Barwaqo akabandika picha juu ya Kiingereza. Kwenye tundu la kwanza, ngamia wa mbele. Kwenye vibao, ngamia wa msafara, kila mmoja kafungwa kamba mkiani mwa mwenzake. Mguu ulionyanyuka ni kwenda, shingo iliyopinda ni kona, mguu uliofungwa ni kusimama. Hata darasa la kwanza wakawa wanakipeleka mpaka mlangoni na kukirudisha.

Hapo ndipo kamati ilipokasirika. Karani akaita lori liipeleke roboti Wajir, kwenye shule yenye watoto wanaofaa, alisema. Mimi najua alimposa Barwaqo kwa ajili ya mwanawe, akakataliwa. Lakini mimi si mtu wa kusema.

— Elimu lazima iume kichwa, alisema Karani. Mimi nilichapwa ndio nikajua Kiingereza. Hawa wanacheka darasani.

— Wanacheka? Redio akasogea. Hiyo ndio hatari. Leo hii kitu inafuata vibao, kesho itachunga ngamia. Kesho kutwa unaenda kuposa, unaambiwa leta roboti hamsini.

Dheere akaapa kwamba inahesabia serikali mifugo wetu, ndiyo maana haili majani. Nikamuuliza kama amewahi kuiona. Akasema hawezi kuangalia kitu kama hicho akiwa na udhu.

Lori lilikuwa limeshafika, limejaa mbuzi, Barwaqo alipokuja na katoni kifuani. Macho yalikuwa mekundu, lakini alisalimu vizuri.

— Adeer zangu, ami zangu, mzigo wenu huu. Picha nimezibandua, iko kama ilivyokuja. Ila iendesheni mpaka pale kwenye lori, Wajir wasije wakasema tumewapelekea mbovu.

Lori lilikuwa hapo mbele, kona moja tu. Karani akavaa miwani, akaanza kupachika vibao kutoka kushoto. Dheere akamwambia kitu cha heri huanzia kulia, akaanza huko. Redio, asiyejua kusoma upande wowote, akajaza katikati. Barwaqo akabonyeza kitufe.

Kigari kikazunguka. Kikazunguka tena. Kikafikiri kidogo, kisha kikarudi nyuma moja kwa moja kwenye benchi, na kamati nzima ikapandisha miguu juu, isipokuwa Dheere, ambaye yake ilikuwa juu tangu asubuhi.

Barwaqo akakiinua.

— Sasa adeer, katika nyinyi watatu, ngamia wa mbele alikuwa nani?

Karani akafuta miwani. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika. Barwaqo akarudisha vitu katonini na kushika njia ya shule, pole pole, kama mtu asiyeogopa kuitwa. Hakuna aliyemwita.

Dereva, mtu wa Mwingi asiyejua lolote, akatoa kichwa dirishani.

— Wazee, mliniita nipakie nini?

Karani akamtazama Dheere. Dheere akamtazama Redio. Redio akanitazama mimi, nami nikatazama jiko langu.

Dereva akangoja, akachoka, akawasha lori. Akaenda Wajir na mbuzi wake tu.