Mistari Mitatu Nyuma ya Jiko Langu

Cornelius Makhanu ameandikia gazeti letu hapa Kakamega miaka ishirini na sita. Anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Wakubwa wamesema mimi, Roda, mpika chai wa ofisi, ndiye niandike wasifu wake na kuusoma mbele yenu waandishi, kwa sababu namjua kuliko wao. Ni kweli. Wengi wenu mlimkuta hapa.

Alianza akiwa kijana mwembamba. Alitumwa mpaka Mautuma, akarudi na matope magotini, daftari limelowa lakini habari ipo. Chai alikuwa anaisahaunga dirishani. Nimeosha vikombe vyake vyenye ukungu mpaka nimechoka.

Sasa mambo ya 1994. Msidhani nitayaficha.

Nje ya ofisi kuna ule ubao ambao mpita njia yeyote hubandika maoni yake. Habari zikiwa chache, waandishi walitoka, wakabandua karatasi, wakaichapisha kama neno la mtaalamu. Wote mlifanya hivyo, msiangalie chini. Juni ile Makhanu alibandua karatasi iliyosema mahindi yakigeuka manjano yang'olewe yote kabla ugonjwa haujaenea. Chini iliandikwa: Mkulima wa siku nyingi. Gazeti likatoka: "Mtaalamu wa kilimo aonya wakulima wa Lugari."

Wiki iliyofuata Jael, mjane wa Chekalini kule Lugari, aliingia ofisini akiwa amekumbatia mabua, akayalaza mezani kwa Makhanu. Alikuwa ameng'oa ekari mbili za mahindi, chakula cha watoto wake cha mwaka mzima. Baadaye bwana shamba alimwambia yalikosa mbolea tu. Jael hakupiga kelele. Alitaka tu aonyeshwe huyo mtaalamu.

Makhanu hakumjua. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Niliandika juu ya mistari mitatu ya mahindi nyuma ya jiko langu. Makhanu, mbona hukuuliza?"

Na mimi sikuwa msafi. Siku mbili nzima nilikuwa nimetembea sokoni nikijiona mtaalamu.

Wakubwa walitaka jambo lipite kimya. Makhanu alikataa, huku akijua anaweza kufutwa kazi. Aliandika kwenye ukurasa wa kwanza, jina lake juu, kwamba hakukuwa na mtaalamu yeyote na kosa ni lake. Kisha akachukua likizo yake, akaenda Chekalini na jembe na mbegu za maharagwe. Nilienda naye. Tulilima na kupanda, Jael akituletea maji bila kutusemesha. Siku ya tano alituletea obusuma, ugali wetu, na mboga, akakaa akala nasi. Maharagwe yalizaa. Hayakutosha mwaka, na Makhanu hajawahi kusema yalitosha.

Tangu hapo, kila aliyempelekea habari aliulizwa: "Nani amesema, na amejuaje?" Mlimcheka, mkamwita karani wa polisi. Endeleeni kucheka, lakini ulizeni. Ubao bado uko pale nje, na karatasi zimejaa.

Ahsante, Makhanu. Nenda nyumbani ukiwa na afya, ukae vizuri na watu wako, ulale bila deni la moyo. Kile kikombe changu cha bluu ukirudishe.

Haya yamesemwa na Roda, mpika chai. Nimeyajua kwa sababu nilikuwapo.