Eddah Ndinda na Mtu Aliyegeuza Shingo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae na kumbukumbu ya Bi Eddah Ndinda wa mtaa wa Buxton, aliyetutoka wiki iliyopita.

Bi Eddah alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Ukambani. Yeye kazi yake ilikuwa kusafisha picha, katika studio moja hapo Makadara. Studio ilipofungwa, filamu za zamani za picha za reli zilikuwa zitupwe. Akaziomba, akazipeleka nyumbani. Zilikuwa zimeanza kuoza na kunuka siki. Mwanawe, Jeremy, alilalamika kwamba nyumba imegeuka ghala.

"Hawa ni watu, Jeremy," mamake alimjibu. "Nitawatupaje?"

Basi akazipiga skani moja moja, akazitia katika hifadhi ya kidijitali, mtandaoni, kila mtu azione bure.

Picha moja ilimnyima raha. Ni genge la wafanyakazi wa reli, huko Makupa. Wote wanatazama kamera, ila mmoja tu. Yeye amegeuza shingo. Anatazama nini? Kwenye nakala ya karatasi hapakuonekana kitu. Lakini Bi Eddah alipoikuza kwenye kompyuta, pembeni kabisa, nyuma ya behewa, akatokea mwanamke amejitwika kikapu. Anacheka.

Akaandika chini ya picha: Nani anawajua hawa wawili?

Miezi ikapita, kimya. Kisha mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Tsofa, na dada yake mkubwa, Bi Nyevu. Mjukuu wao aliiona picha ile mtandaoni, akashangaa jinsi mtu yule alivyofanana na Tsofa. Tsofa akathibitisha kuwa ni baba yao. Lakini yule mwanamke, Tsofa hakumjua.

Bi Nyevu akaisogelea kompyuta.

"Tsofa," akasema, "huyo ndiye mama. Alikuwa akimletea baba chakula."

Mama yao alifariki Tsofa akiwa hajaanza kutembea. Hakuikumbuka sura yake, wala hakuwahi kuiona hata kwa picha. Jeremy anatuambia kwamba mamake aliinuka, akampisha Tsofa kwenye kiti chake. Mzee akakaa pale, akamtazama mama yake mpaka chai aliyokaribishwa ikapoa.

Kwako Jeremy, na jamaa wote wa Bi Eddah, poleni sana. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Nawe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwenu ipo picha ya mtu usiyemjua. Na yupo mzee anayemjua. Muulize leo, maadamu yupo.