Joyline Hakuimba Siku Ile

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Gakoromone hadi Embu mjini, sogeeni tumkumbuke Joyline Kendi. Mimi ni Mwongera. Leo nazungumza nikiwa na woga, na sitaficha.

Joyline alikuwa akiongoza wageni katika msitu wa umma ulio juu ya Kanyakine. Walimu, watalii, watoto wa Sunday school, wote aliwapitisha. Na alikuwa na desturi moja. Alitangulia mbele akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa. Ndovu akisikia watu, hujitoa njiani. Joyline hakuwa na sauti nzuri, jamani, hata kwaya ilimkataa kwa upole. Lakini hakuna mgeni wake aliyewahi kudhurika.

Kisha ukaja mswada katika bunge la kaunti. Ukipita, njia za matembezi msituni zitabaki za umma, miti ya asili italindwa, na hakuna atakayejiwekea ua. Usipopita, wenye nguvu watagawana msitu. Na walikuwa wameshaanza. Mawe ya mipaka, zile bikoni, yalionekana katikati ya miti. Joyline alipoyasema kanisani, akaanza kupigiwa simu na watu wasiojitaja. Walimwambia afunge mdomo.

Mumewe, Mutuma, alinieleza hivi: "Asubuhi hiyo aliniambia, 'Baba Munene, leo siimbi. Hao watu wakinisikia, nimekwisha.' Nikamwambia, si uache tu kwenda? Akasema kwenye kikao cha maoni watu wa bunge watauliza bikoni ziko wapi, na lazima aende azione tena ndio aseme vizuri."

Aliingia msituni kimya. Narudia, wasikilizaji wapendwa: aliingia kimya, kwa kuogopa watu. Kwenye kona yenye mianzi akakutana na ndovu mwenye ndama. Hawakuwa wamesikiana. Joyline alifia pale.

Yule ndovu simlaumu. Nawaogopa waliomnyamazisha. Tulipoenda kumchukua, sisi wanaume wazima, tulinong'ona njia nzima. Hakuna kati yetu aliyetaka ijulikane kwamba naye alikuwa pale.

Kwa Mutuma, kwa watoto, na kwa mama mzazi wa Joyline, Mama Ntinyari, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya mswada ni Alhamisi, pale Kanyakine. Joyline ndiye alikuwa azungumze. Mama Ntinyari amesema sasa atasimama yeye. Nilimuuliza, mama, huogopi?

"Naogopa sana, mwanangu," akanijibu. "Usiku silali, hata chai hainishuki. Lakini nani mwingine amesema ataenda?"

Kwa hivyo nawaachia nyinyi swali hili, wasikilizaji wapendwa, na mimi mwenyewe nimo. Alhamisi, huyo mama akimaliza kusema, akigeuka kutazama nyuma yake, ataona nani?