Kitabu cha Wageni Kimeiruka Mulkey

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Loretta, pale barabara ya Texas magharibi inapopunguza mwendo kwa dakika moja, kwa adabu tu, kisha inaendelea zake. Kila asubuhi tupo wanne. Orval ni Kisima, maana alichimba mafuta miaka thelathini. Lupe Arredondo ni Jamhuri. Utajua mwenyewe kwa nini. Dub Kessler, mkulima wa pamba na mgane, ni Mvua, kwa kuwa huitabiri na haiji. Wa nne ni mimi, mwenye kalamu. Jumanne ile kilifika kitabu kipya cha wageni, kile cha bure kutoka mji mkuu kinachowaelekeza wasafiri miji ya kutembelea. Toleo lililopita lilitupa mstari mmoja: mkahawa, pai za pichi. Safari hii, kwa mpangilio wa alfabeti, kimetoka Muleshoe kikaruka hadi Nacogdoches; mji wetu, Mulkey, haumo. Loretta alikisoma amesimama. Akasema wasafiri wasipoongezeka hadi Krismasi, anafunga na kuhamia kwa binti yake Lubbock. Akatumiminia kahawa, akaingia ndani.

— Dharau hii! Kisima akafoka. Mafuta yaliyowajengea maofisi yao yalitoka wapi? Chini ya makalio yako, Dub!

— Makalio yangu yako juu ya pamba, bwana. Pamba ilitangulia.

— Na kabla ya pamba? Jamhuri akadakia. Texas yetu ilikuwa nchi! Karibu miaka kumi, na rais wetu, na balozi wetu Paris. Leo karani mmoja anatufuta wakati anakunywa chai!

— Lupe, Dub akasema, babu zako Wamexico walikuwa hapa kabla hata ya hiyo nchi.

— Ndiyo maana nina hasira mara mbili.

Kisima akainama, akasema kwa sauti ya siri iliyosikika hadi posta.

— Njama hiyo. Wageni wakija, watauliza mafuta yalimfaidisha nani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Guu la nani?

— La mkuu!

— Acheni mafuta, akasema Dub. Ni mitambo ya upepo. Tunaongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo, sivyo? Wanauvuta wote hapa, na mawingu yanakwenda nao. Hawataki mtu afike Mulkey akaulizia mvua yangu.

— Nyote watoto, akasema Jamhuri. Ni Alaska. Wanatuzidi ukubwa na bado hawajashiba. Wanatumega mji mmoja mmoja. El Paso yenyewe iko karibu zaidi na California kuliko na Houston. Tukipungua katikati, nani atajua? Haba na haba hujaza kibaba.

— Hujaza, Lupe. Haipunguzi.

— Inategemea kibaba cha nani!

Tukaamua kuandika barua kali. Kisima akadai aya tatu za mafuta, Jamhuri nne za historia, Dub moja ya mvua. Nilikuwa namalizia ya mwisho lilipoegeshwa lori lililobeba bawa moja la mtambo wa upepo, refu kuliko kanisa letu na uwanja wake. Akashuka dereva, mama wa makamo mwenye kofia ya besiboli.

— Hamjambo wazee. Mbona mmevimba hivyo?

— Mkahawa huu unauawa na kitabu! Kisima akamwambia. Tunampigania Loretta.

— Vizuri. Basi nile hapahapa. Pai yake ya pichi ikoje?

Kisima akatazama buti zake. Jamhuri akatazama upande wa Houston. Hapa Mulkey, mwanamume akila pai isiyookwa nyumbani kwake ameutangazia mji mzima jambo kuhusu mkewe. Hata kwenye chakula cha kanisani, wake zetu huhesabu vijiko tunavyochota kwenye pai za wengine.

— Wewe mzee, dereva akamgeukia Dub, umekaa hapa muda gani?

— Miaka kumi na tisa.

— Na hujaonja?

— Mke wangu anaoka.

— Yuko nyumbani?

— Makaburini, akasema Dub. Mwaka wa saba sasa.

Loretta alikuwa kasimama mlangoni na birika mkononi, na vikombe vyetu vilikuwa vitupu.

— Karibu ndani, dada, akamwambia dereva. Nikukatie kipande kikubwa.

Mlango ukafungwa. Jamhuri akanong'ona niisome barua tena, tuone kama imekaza vya kutosha. Nikaisoma yote, aya nane. Pai haimo. Loretta hayumo.