Kola Niliyoikata Kwenye Tangazo

Niacheni nitoe ushuhuda huu nimesimama, ndugu zangu, maana nikiketi miguu inacheza yenyewe. Shule niliiacha Burundi darasa la pili, kwa hiyo nikipotea njia mnirudishe.

Miaka ile, kabla Kombe la Dunia halijaja hapa Johannesburg, nilikuwa nashona kando ya barabara pale Yeoville. Dada mmoja wa manispaa alikuwa akipita na karatasi, anagawa. Karatasi ngumu, safi. Wenzangu walifungia maandazi. Mimi nilikatia pateni, zile fundi anazilaza juu ya kitambaa afuatishe mkasi. Kola, mfuko, mkono wa shati. Na nawaambia ukweli, kusoma sijui, na hata ningetaka kujua inasema nini nisingeuliza. Sisi tuliokimbia tumezoea hivi: ukipewa kitu cha serikali, pokea, shukuru, usijulikane jina.

Asubuhi moja nikakuta mabati yamezungushwa, watu wanachimba. Mahali pangu ni shimo.

Wiki tatu nikasukuma cherehani kwenye toroli. Mayfair, Msomali mmoja akanipa mlango wa duka siku mbili, wateja wakajikwaa, nikaondoka. Huyo alikuwa na chai nzuri, lakini tuyaache. Nikirudi chumbani La Rochelle, mke wangu anauliza, "Leo umeshona?" Najibu, "Leo nimetembea." Akaanza kusema tuiuze cherehani. Sikulala.

Basi jirani yetu, msusi, Mkongomani, akaleta gauni nilipunguze. Akaona pateni zimening'inia msumarini.

"Papa, hii karatasi ulisomaka?"

"Hiyo ni kola."

"Kola gani? Inasema barabara itachimbwa. Mafundi waende ofisi ya habari za biashara, wapewe meza sokoni."

"Inasema wapi?"

"Hapa kwa shingo. Siku ya mwisho imekatika. Leta mkono."

Tukautafuta mkono wa shati chini ya kitanda. Zilibaki siku mbili.

Kesho yake msusi akanipeleka ofisi ile, na kwenye foleni nilitoka nje mara tatu. Kila nikitoka yeye anashika nafasi yangu, ananiita, "Papa, unakimbia nani? Huyu mama hana hata fimbo." Tukafika mezani, akanitafsiria kwa Kizulu. Mama wa ofisi akauliza kwa nini nimechelewa na karatasi waliniletea.

"Mwambie niliikata kola."

Eish, yule mama alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Kisha akaniandikia meza. Halafu, hili sikulitarajia, akanieleza shule zipi za jirani zinatafuta mafundi wa sare, na rangi zake. Ndugu zangu, umri wote huu nilidhani serikali kazi yake ni kuuliza tu. Kumbe kuna mahali inajibu.

Meza ile ninayo mpaka leo. Namshukuru Mungu, namshukuru yule msusi, amekaa pale nyuma anaficha uso. Namshukuru mke wangu ambaye hakuiuza cherehani, ingawa mnunuzi alishakuja kuipima.

Kusoma bado sijui. Ila sasa karatasi haiguswi na mkasi kabla mtu hajanisomea, na siwaonei haya wanaojua.

Na hilo tangazo la manispaa hapo mlangoni, liko tangu Jumapili iliyopita. Nimewaangalia mkiingia, wote mmelipita. Mmoja wenu alibandue, atusomee kwa sauti. Mimi siketi mpaka tulisikie.