Fiacre Barampama, Mwalimu wa Kwaya Aliyeipenda Albamu ya Katikati

(Wasifu wa marehemu, umesomwa na mdogo wake, Emérite)

Marehemu Fiacre Barampama alizaliwa tarehe 9 Februari 1964 mtaani Bwiza, Bujumbura, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Bernard na Mama Léocadie. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bwiza, kisha chuo cha ualimu Gitega, alikohitimu mwaka 1985. Alifundisha darasa la nne na kuongoza kwaya ya shule. Gitaa alipiga vibaya. Hilo alilikiri mwenyewe.

Tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na Murielle. Vita vilipozidi walikimbia, wakafika Johannesburg Agosti 1998 na kupanga chumba kimoja Bellevue. Mtoto wao wa pekee, Olive, alizaliwa hapa mwaka 2001.

Vyeti vyake vya ualimu havikumsaidia huku. Alilinda magari kwa miaka minne, hadi alipopata kazi katika duka la santuri za zamani Randburg, kubeba makasha na kufuta vumbi. Huko alikutana na albamu ya bendi moja ya roki ya Uingereza ya miaka ya sitini. Kabla ya albamu hiyo, vijana wale walivaa suti na kuimba nyimbo fupi za mapenzi. Baada yake walifuga nywele na kupiga nyimbo za robo saa. Hii ilikuwa katikati: upande wa kwanza mtindo wao wa zamani, upande wa pili wakijaribu mambo ambayo hawajayaweza. Wateja waliiruka. Fiacre alipotaka kuichukua, mwenye duka alimwambia, "Achana nayo. Hapo walikuwa wamepotea. Chukua ya kabla au ya baada."

"Nipe hii hii," alijibu. "Na mimi bado niko njiani."

Katika kanisa letu hapa Johannesburg alifundisha kwaya kuanzia mwaka 2005. Mwaka 2018 kwaya ilipasuka. Wazee walitaka nyimbo za Kirundi bila vyombo. Vijana waliozaliwa hapa walitaka Kiingereza, Kizulu na kinanda. Olive alimwambia baba yake, "Baba, maneno ya Kirundi siyaelewi. Nikiyaimba ninadanganya." Akatoka na wenzake tisa, wakawa wanafanya mazoezi katika gereji. Baraza la kanisa lilimtaka Fiacre awafute vijana hao kwenye kwaya au aondoke yeye.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwaita wote nyumbani, akawapigia ile albamu pande zote mbili. Haikumpendeza mtu. Mzee Méthode, kiongozi wa sauti ya besi, alisema, "Eish, Wazungu hawa hawakujua wanachotaka."

"Walijua," Fiacre alisema. "Walikuwa hawajafika tu. Lakini hawakumshusha mtu njiani."

Mwaka 2019 kwaya nzima, wazee na vijana pamoja, ilirekodi nyimbo kumi na mbili, sita za wazee na sita za vijana. Wazee walilalamikia sita, vijana wakalalamikia sita. Miaka miwili baadaye vijana walianzisha kwaya yao Randburg, wakiwa na baraka za kanisa. Fiacre alikwenda kuwasikiliza kila mwezi, akikaa kiti cha nyuma, na hakuwasahihisha.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Miguu ilivimba, kisha akashindwa kusimama. Alifariki nyumbani Bellevue, Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, Murielle; binti, Olive; mjukuu mmoja, Carmel; na ndugu wawili, Marcellin na Emérite. Ameacha pia rafiki yake, Mzee Méthode, ambaye hakukubaliana naye hata siku moja juu ya nyimbo, na ambaye kwa miezi minne ya mwisho alikuja kila asubuhi kumwogesha.

Bwana ampe pumziko lenye amani.